Somo: Kuwafundisha watoto wakubwa likizo ya Juni ukiwa na kichanga mkononi

Mama wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe, likizo ya Juni ndiyo hii. Baridi imeshika na watoto wote wako nyumbani. Mtihani wa darasa la saba huwa Septemba, na upimaji wa darasa la nne Oktoba, kwa hiyo wiki hizi zikipita bure mtoto anarudi shule akikimbizana na siku. Kufundisha nyumbani ukiwa unanyonyesha kunawezekana kabisa, mradi ratiba imfuate kichanga. Kichanga hafuati ratiba ya mtu.

Hatua ya 1: Msome kichanga kwanza
Siku mbili tatu za mwanzo usifundishe kitu. Andika tu saa anazolala na anazoamka. Mtoto wa chini ya miezi mitatu hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, ila kwa vipande vipande, na kila mtoto ana vipande vyake. Wengi hulala vizuri asubuhi wakishaoga na kunyonya. Kama wako ni hivyo, hapo ndipo darasa lako lilipo.

Hatua ya 2: Usingizi huo upewe Hisabati
Hisabati inataka mama aliyetulia, mikono mitupu. Usianze kufua, vyombo navyo visubiri. Kama huna vitabu, Taasisi ya Elimu Tanzania wameviweka kwenye maktaba mtandao yao, unavisoma kwa simu.

Lakini usiishie kwenye kitabu. Mkitoka sokoni Uyole na viazi, vimwageni sakafuni. Mkubwa apime kwa sado mpaka debe lijae, mdogo ahesabu kwa sauti. Debe limemeza sado ngapi? Kwa bei tuliyonunulia debe, sado moja imesimama shilingi ngapi? Na mama wa pale sokoni anayeuza kwa sado, akimaliza debe zima anabaki na faida gani? Mtoto aliyekuwa anaogopa kugawanya utamkuta anagawanya na kubishana na mwenzake. Hapo ndipo umpe daftari aandike alichofanya.

Hatua ya 3: Ukinyonyesha, wao wasome kwa sauti
Mikono imeshikwa, masikio hayana kazi. Wa darasa la saba asome habari ya ufahamu, kisha atunge maswali matano amuulize mdogo wake. Anayetunga swali zuri ameielewa habari. Wa darasa la pili asome silabi na sentensi fupi. Akikwama, mtajie sauti ya silabi aliyokwama, neno aliunganishe mwenyewe.

Hatua ya 4: Kubeba mtoto ni zamu
Hili naomba tulisikie vizuri. Kichanga akilia, anayeitwa ni binti. Kaka yake anaendelea na daftari, yeye anafunga kitenge mgongoni, na likizo inaisha hivyo. Septemba wote wawili wanakaa kwenye mtihani uleule. Andika zamu ukutani, wa kiume na wa kike sawasawa, na zamu isiangukie kwenye somo la mtu.

Hatua ya 5: Mchana fungeni
Inatosha. Wacheze, wewe unywe uji wa ulezi, ulale kichanga akilala.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Tukuyu: Ndaga kwa somo, dada. Wangu ukimweka chini tu analia. Nafanyaje?
Jibu: Mbebe mgongoni, fundisha umesimama. Chaki na mlango wa mbao vinatosha kuwa ubao. Lakini akilia bila kunyamazika, akawa na joto au akakataa kunyonya, funga daftari umpeleke kituo cha afya.

Mama wa Mafinga: Asubuhi vidole vya watoto vimeganda, hawawezi hata kushika kalamu. Naweza kuingiza jiko la mkaa chumbani wakati wanasoma?
Jibu: Hapana, mama. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kikifungwa inaua watu wakiwa wamelala. Kichanga ndiye wa kwanza kudhurika. Sogeza somo mpaka jua litoke, mkae nje upande usio na upepo. Asubuhi sana wapangie vitu vya mdomo, kama majedwali ya kuzidisha, mikono ikiwa ndani ya blanketi.

Baba wa Mbalizi: Shikamooni. Mke wangu ndiye mwenye kichanga, mimi narudi saa 12 jioni. Nisaidie wapi?
Jibu: Marahaba, baba. Sahihisha madaftari. Mama akishinda anafundisha na kunyonyesha, jioni hana macho ya kusahihisha, na kazi isiyosahihishwa kesho watoto hawaifanyi. Kaa nao mezani, mkubwa akueleze kila alipokosa. Na kichanga umchukue wewe wakati mama anakula.