Kusoma mchoro wa mkaa usio na sura ya kitu

Hapa Moshi, nikiwaonyesha wanafunzi nakala ya mchoro wa mkaa wa 1915 wa Georgia O'Keeffe, mchoraji wa Marekani, swali ni lile lile: "Mwalimu, hiki ni nini?" Subiri kwanza. Fuata mstari kwa macho, uone unapovimba na unapokonda. Kisha weusi: palipokolea, mkono ulikandamiza, penye ukungu, mkaa umesuguliwa, weupe mara nyingi ni karatasi yenyewe.

Halafu nenda mgombani. Mimi huchuma lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, nikalibandua ganda moja moja, polepole. Ndani kumebanana, kunang'aa, kila ganda limekumbatia safu ya maua madogo membamba. Rudi kwenye mchoro. Usiandike "ni ua". Andika umbo linafanya nini: linajikunja, linabanwa, linafunguka.