Kodi (chord) ya F kwenye gitaa: kilaze kidole kwa ubavu
Kama kodi za bare (zile kidole kimoja kinabana nyuzi zote) kwenye gitaa zinakutesa, kidole cha shahada usikilaze bapa, kizungushe kidogo kikae ubavu, ule upande wa gumba, na kiwe karibu kabisa na freti (kile chuma chembamba kinachokata shingo ya gitaa). Kwa mbele kuna nyama na mikunjo, uzi ukidondokea kwenye mkunjo unakufa, ubavuni ni mfupa kwa hiyo nguvu kidogo tu inatosha, gumba usilikamue we vuta na mkono. Anzia freti ya 5 ndo ushuke. Ila kama nyuzi zimeinuka sana kwenye nati (kile kipande mwisho wa shingo, nyuzi zinapopita kwenda kichwani) utahangaika bure: funga kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 1, piga umbo lilelile freti ya 2, ikiwa rahisi ghafla basi shida ni gitaa, lipeleke kwa fundi.