Kilomita 50 za kwanza milimani

Ukitaka kukimbia mbio za milimani zinazopita marathoni, anza kwa kujifunza kutembea. Mimi nilifundishwa na bibi mmoja aliyebeba kuni kichwani, kwenye kilima kabla ya kufika Irente, hapa Lushoto. Nilimpita mbio, nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kukatisha mwendo. Kona ya tatu akanikuta nimeinama, mikono magotini, nahema. "Pole mwanangu," akasema, akaenda zake.

Tangu siku ile napanda kama yeye. Hatua fupi, zisizobadilika, na pumzi inayoniruhusu kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha, punguza. Wala usione haya kutembea. Kwenye UTMB, mbio zinazozunguka mlima Mont Blanc kule Ulaya kwa takriban kilomita 170 na mwinuko wa jumla wa karibu mita 10,000, hata wanaoongoza hutembea penye vilima vikali.

Kushuka ndiko kunakoumiza zaidi. Mapaja ndiyo breki zako, na breki huisha. Piga hatua ndogo za harakaharaka, macho mita tatu au nne mbele. Wiki sita kabla, tafuta mteremko mmoja uushuke kila Jumamosi, kwanza mara mbili, kisha mara nne. Misuli huzoea. Kata kucha za miguu mapema na upake vidole vyake mafuta ya mgando.

Sasa chakula, na hapa nakuomba unisikilize. Kula kabla njaa haijabisha hodi. Mara yangu ya kwanza nilingoja njaa. Ilinikuta kilomita ya 34, ndani ya msitu wa Magamba, nikakaa juu ya mzizi nikilia. Viazi vilikuwamo begini lakini havikupita kooni. Kijana aliyekuwa akishusha kabichi akanikatia kipande cha muwa. Nilinyonya taratibu, na baada ya robo saa nikasimama. Siku hizi kila nusu saa natia kitu mdomoni: kiazi kilichochemshwa kwa chumvi, nusu ndizi mbivu, au tende mbili tatu.

Maji kunywa kwa kiu. Ukijijaza maji matupu saa nyingi, chumvi ya damu hupungua, kichwa huuma, unatapika, unachanganyikiwa. Watu wamewahi kufa hivyo. Na usimeze ibuprofen ili kuzima maumivu ya njiani. Figo zako tayari zina kazi.

Magamba ni hifadhi, kwa hiyo chukua kibali. Mwachie mtu wa nyumbani njia utakayopita na saa ya kurudi. Beba tochi ya kichwani hata kama umeondoka asubuhi, kwa kuwa chini ya miti giza huingia mapema.

Kuhusu muda, usihangaike. Mbio za Western States kule California ni maili 100, na mwisho wa kumaliza ni saa 30. Saa ile ya mwisho watu hujaa kwenye uwanja wa kumalizia, mjini Auburn, kuwashangilia wanaojikokota, na kelele huwa kubwa kweli. Mimi nilimaliza 50 zangu kwa saa 9 na dakika 20. Mama alikuwa amekaa kizingitini na kopo la uji, umeshapoa, akanishikia nikanywa kwa sababu mikono ilitetemeka.