Pamba na mafuta kabla hujapika

Jamani, mnaonunua mboga katika masoko ya Nakasero au Owino hapa Kampala: ukikuta bamia au pilipili za kijani zinazong'aa kupita kawaida yake, zijaribu kwanza. Chovya pamba kwenye mafuta ya kupikia, sugua ganda la nje ambalo halijakwaruzika. Pamba ikigeuka kijani, huenda zimepakwa malakaiti, rangi ya kutia nguo. Usizile. Rudia kwa pamba nyingine yenye maji, maana rangi nyingine hutoka kwa maji tu. Viazi vitamu vyekundu navyo vijaribu hivyo hivyo, ila vioshe udongo kwanza usije ukadanganyika. Doodo nyekundu, yaani mchicha mwekundu, iache. Ile hutoa rangi yake ya asili ikikatwa.

Lakini nyanya ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Ule unga mweupe juu yake mara nyingi ni mankozebu, dawa ya ukungu ambayo wengine hupuliza karibu kabisa na kuvuna. Pamba haitakuonyesha sumu hiyo. Zisugue moja moja kwa mkono chini ya maji yanayotiririka, hata kama utazimenya, kwa sababu kisu hubeba dawa hadi ndani.