Kabla ya kutembea Lubumbashi na mwongozaji: mambo ya kupanga mapema, kuanzia majira hadi bukari (ugali) ya mchana

Matembezi ya kuongozwa hapa Lubumbashi hufana au huharibika siku mbili tatu kabla ya kutoka nyumbani. Njia yenyewe haichoshi: asubuhi mnazunguka majengo ya zamani katikati ya mji, mnapanda gari hadi pembezoni ambako miombo bado imesimama, na mchana mnakula bustanini chini ya mwembe. Kinachowaponza wengi ni kutouliza mapema, hasa habari za chakula. Nayaandika haya kwa wageni wanaotoka Kinshasa, Kolwezi au ng'ambo, na pia kwa sisi wenyeji ambao tumepita mbele ya makumbusho miaka yote bila kuingia.

Jambo la kwanza ni majira. Mvua huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, kwa hiyo Juni na Julai asubuhi huwa na baridi ambayo mtu wa Kinshasa haitarajii. Njoo na sweta, utaivua saa nne. Mimi ningekushauri Septemba au mwanzo wa Oktoba. Jua ni kali na kuna moshi wa nyasi zinazochomwa, lakini ndipo miti ya miombo inapochipua kabla hata tone la mvua halijaanguka, na majani yake machanga hutoka mekundu, ukiangalia kilima kizima utadhani kimepakwa rangi ya shaba. Anayetaka uyoga asubiri mvua zikolee, Desemba au Januari, akubali na matope.

Baada ya kuchagua tarehe, zungumza na mwongozaji kwa simu kabla ya kumlipa. Muulize kama anajua historia ya mji, mimea, au vyote viwili, maana walio na vyote viwili ni wachache, na wakati mwingine ni bora kuchukua wawili: mmoja wa mjini na mzee mmoja wa kijijini anayejua miti kwa majina yake ya Kisanga au Kibemba na anajua mzizi upi hutibu nini. Muulize pia mtatembea kwa miguu sehemu zipi. Mji huu ulianzishwa 1910 kwa jina la Elisabethville, reli kutoka kusini ikafika mwaka huohuo, na 1911 tanuru la Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, likatoa shaba yake ya kwanza. Baadaye Wabelgiji waliacha ukanda mtupu wa ardhi kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika kama Kamalondo. Ukipita hapo garini huoni kitu. Ukitembea, unaupima umbali huo kwa miguu yako mwenyewe, na unaelewa ulivyokusudiwa. Sisitiza sehemu hiyo ifanywe kwa miguu.

Sisitiza pia asiruke mambo mazito. Kuna waongozaji wanaoonyesha kanisa kuu la Petro na Paulo, posta na sinagogi, wakanyamaza kuhusu Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma kudai mishahara na askari wakawafyatulia risasi. Kiongozi wao Léonard Mpoyi aliuawa hapo. Mji uliojengwa kwa mikono ya watu hao unastahili kusimuliwa pamoja nao. Makumbusho ya taifa nayo msiyaache, ila ulizeni kwanza siku na saa za kufunguliwa. Mkiingia, omba uonyeshwe misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha karne nyingi kabla ya mkoloni. Ukiisha kuiona, matembezi ya mchana yatakuwa na maana nyingine.

Maana ya porini inaanzia kwenye kichuguu. Vya huku ni vikubwa, vingine vinapita mita tano, na wageni husimama mbele yake kupiga picha tu. Mwambie mwongozaji akueleze zaidi. Wahunzi wa zamani, wale walioitwa wala shaba, walijenga tanuru zao kwa udongo wa kichuguu kwa sababu unashikana vizuri na kuhimili moto. Walifanya kazi kiangazi, wakavukuta kwa mivuo ya ngozi hadi jiwe la kijani likatoa shaba. Mpaka leo watu wanafyatua matofali ya nyumba zao kwa udongo huohuo. Shika bonge moja, livunje kwa vidole, uone lilivyo laini bila kokoto.

Kitu kingine cha kuomba ni kuonyeshwa mimea ya shaba. Kwenye vilima vyenye madini miti mikubwa haioti, kwa sababu shaba nyingi ardhini ni sumu kwake, na mahali hapo panabaki wazi katikati ya msitu, pamejaa majani madogo yaliyozoea. Mmea mmojawapo, Haumaniastrum katangense wenye maua ya zambarau, wanajiolojia waliutumia kama alama ya kutafutia madini. Ila vilima vingi vya namna hiyo viko ndani ya maeneo ya makampuni, na kuingia bila ruhusa kunaweza kukuletea kesi. Mwongozaji aseme mapema mnakwenda wapi na nani ametoa ruhusa. Akijibu kwamba mtaona hukohuko, tafuta mwingine.

Karatasi na picha: beba kitambulisho halisi, si picha yake kwenye simu. Usipige picha ya jengo la serikali, askari, daraja, kituo cha reli wala lango la mgodi kabla ya kumuuliza anayekuongoza. Kwa watu, salamu kwanza. "Jambo yenu, baba," kisha subiri ujibiwe, kisha omba. Katika kambi za zamani za wafanyakazi kuna wazee wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali iliyochukua nafasi ya Union Minière, wanaopenda kusimulia, na mtu aliyesalimiwa vizuri atakufungulia mengi kuliko kitabu.

Pesa ziwe faranga ndogondogo kwa ajili ya maji, ndizi na zawadi za barabarani. Dola ziwe safi, zisizochanika hata kidogo pembeni, kwani hapa noti yenye mpasuko wa milimita chache hukataliwa.

Viatu vifunge kidole na kisigino, suruali iwe ndefu kwa ajili ya nyasi na kupe, kofia, na maji lita moja na nusu kwa kila mtu, ya chupa au yaliyochemshwa. Dawa ya mbu ni lazima wakati wa mvua.

Sasa chakula, ambacho ndicho watu wanakichukulia kirahisi kupita yote. Chakula cha bustanini hakiagizwi asubuhi ya siku yenyewe. Mama anayepika anahitaji kujua idadi yenu tangu jana yake na kupata nusu ya malipo, kwani sombe huchukua muda: majani ya muhogo yatwangwe, yachemshwe sana hadi sumu na ukali viishe, ndipo yatiwe karanga au mawese. Makala (makaa) kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, lazima yawe yamewaka muda mrefu kabla hamjafika. Mseme wazi kama kuna asiyekula nyama, asiyekula karanga, au mtoto asiyeweza pilipili. Samaki wa Kasenga aagizwe pia mapema, maana mzuri huisha sokoni asubuhi.

Na hapa ndipo swali ambalo naliona muhimu kuliko yote: mboga zimelimwa wapi? Tanuru la shaba lilitoa moshi juu ya mji huu kwa miongo mingi, na kwa kuwa upepo mwingi huvuma kutoka kusini-mashariki, udongo wa upande wa kaskazini-magharibi wa bomba refu la moshi la tanuru hilo ndio ulioathirika zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta shaba, kobalti, risasi (ile metali) na kadimiamu kwenye mboga za majani zinazolimwa kwenye udongo uliochafuliwa. Kuosha lengalenga (mchicha) kwa maji mengi kunaondoa vumbi lililokaa juu ya majani, lakini kilichonyonywa na mizizi kinabaki. Muulize mwenye bustani bila haya, kwa heshima: shamba liko upande gani, na maji ya kumwagilia yanatoka mto gani. Mkulima mwema hafurahii kuuliziwa bei tu. Hili huwa anapenda kulijibu. Ukiwa na watoto, swali hili usiliache kabisa, maana risasi huwadhuru zaidi wao.

Ukiandaliwa munkoyo, uliza umetengenezwa lini. Ni uji wa mahindi uliopoa, ukatiwa mzizi uliopondwa, nao uji mzito ukageuka maji matamu. Wa leo ni kinywaji cha kila mtu. Wa siku mbili tatu huwa umechacha na kulewesha, hivyo dereva na watoto wapewe maji. Kikanda nacho ni kitamu, kimetengenezwa kwa viazi vya okidi za porini na karanga, lakini okidi hizo zinachimbwa kuliko zinavyoota, hivyo kipande kimoja cha kuonja kinatosha. Mkono wa kulia uoshwe kwenye beseni kabla ya bukari, na mkubwa wa umri aanze.

Mapatano ya gari la kurudi yafanywe kabla ya kuanza, dereva akae pale pale mnapokula. Msimu wa mvua, wingu hukusanyika mara nyingi baada ya saa nane mchana, na njia ya udongo mwekundu huteleza ndani ya nusu saa. Chakula kiwe saa sita, na saa tisa wote wawe wamepanda. Malipo ya mama mpishi mpe yeye mwenyewe mkononi, mbele ya mwongozaji, yakiwa yamehesabiwa.