SOMO: Kusomea utabibu ukiwa umevuka miaka 30 na umeshaugua sana

Wakuu, naandika hili mara moja. Atakayeniuliza tena inboksi nitamtumia kiungo cha hapa.

Mimi ni tabibu (clinical officer), niko kituo cha afya cha kijijini. Zamani niliugua TB ya uti wa mgongo, nikalala sana, nikavaa mkanda. Nilipopona nilikuwa nimevuka thelathini na cheti changu cha form four kina F ya Kemia. Wengi mnanianza kwa "dada, nimeugua sana, nina wito". Pole, ila kwenye maombi hakuna sehemu ya kujaza wito. Wanaangalia vyeti.

1. Piga hesabu ya umri kabla ya yote. Mikopo ya HESLB, Bodi ya Mikopo ya Tanzania, imekuwa na kigezo cha umri usiozidi miaka 35, na kwa stashahada si kila kozi inapewa, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka husika. Matangazo ya ajira serikalini huandika usiozidi 45. Chukua mtu anayetimiza miaka 33 leo, Januari. Anarisiti, yaani anarudia mtihani, Novemba, anaomba chuo mwaka unaofuata, anaanza akiwa na 34, anamaliza miaka mitatu akiwa na 37. Akitaka udaktari kamili, ongeza miaka mitano na mwaka mmoja wa utarajali (internship): 43. Inawezekana, ila bumu (pesa ya mkopo) la chuo kikuu asilitegemee. Kaa chini na anayekulisha mpange fedha.

2. Sifa. Stashahada ya Utabibu: ufaulu wa D nne form four, zikiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Masomo ya dini hayahesabiwi. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza, lakini ukiwa na ndoto ya kwenda digrii ya udaktari baadaye utadaiwa D ya hayo pia, pamoja na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 kwenye stashahada. Yafanyie kazi sasa.

3. Kurisiti. Unajiandikisha NECTA (Baraza la Mitihani) kama mtahiniwa wa kujitegemea kupitia kituo, mapema mwaka, mtihani Novemba. Uliyekuwa arts ukaacha Fizikia, unaweza kuifanya sasa. Chagua kituo chenye maabara inayofanya kazi, siyo kilicho karibu na nyumbani.

4. Kuomba. Mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, dirisha likifunguliwa. Uliyefanya mitihani miwili weka namba zote mbili, ya S (ya shule) na ya P (ya kujitegemea).

5. Fomu ya afya. Hapa ndipo nilipoharibu, someni polepole. Barua ya kujiunga huja na fomu ya kujazwa na daktari. Kwenye magonjwa uliyowahi kuugua niliandika HAKUNA, nikiogopa kunyimwa nafasi. Nimefika chuo, mganga wao akanigusa mgongo, akakuta kibyongo kidogo, akauliza, nikababaika. TB yenyewe haikuwa tatizo kwao. Tatizo ni kwamba karatasi inasema hivi na mgongo unasema vile. Nikarudishwa kutafuta taarifa za matibabu huku wenzangu wameshaanza Anatomia, na muhula ule nikala supu, yaani mtihani wa marudio.

Kwa hiyo usifiche, na usijieleze kuliko fomu inavyouliza. Beba kadi ya kliniki inayoonyesha umemaliza dozi, picha za X-ray, na barua ya daktari aliyekutibu. Barua isiishie "amepona". Iandike unachoweza na usichoweza: anaweza kusimama zamu, asinyanyue mzito peke yake. Kama bado uko kwenye dawa za kisukari, presha au kifafa, zitajwe. Nakala zako zichukue mapema, maana faili la miaka mingi nyuma kulipata ni kazi. NA USINUNUE fomu iliyokwisha kupigwa muhuri mtaani. Kuna watu wanauza, na kuna watu wamefukuzwa.

6. Chanja homa ya ini B: dozi tatu, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Usisubiri chuo.

7. Ripoti siku iliyoandikwa.

---

MAONI

Kijana wa Igunga: Naomba kujua sifa dada.

Mwandishi: Namba 2.

Kijana wa Igunga: Nimesoma. Nina Biolojia D, Kiswahili C, Uraia D, Bible Knowledge D. Si nne hizo?

Mwandishi: Bible haihesabiwi, Kemia na Fizikia huna. Na unasema umesoma.

Mzee wa Hoja: Mtu anaanza kusoma na miaka 35, akili imeshachoka. Waachieni vijana.

Mwandishi: Sawa. Ukiumwa usiku huku kwetu, subiri kijana.

Mama Wawili: Shikamoo dada. Niliishia darasa la saba kwa sababu ya selimundu (sikoseli), kila mwezi nilikuwa wodini. Sasa nina 28 na nimetulia. Kuna mlango kweli?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu, upo. Unaanza na Mtihani wa Maarifa, QT, halafu mwaka unaofuata form four. Ukienda sawasawa unaingia chuo na 30 au 31. Fizikia ikikushinda, angalia stashahada ya Famasia, wao wanataka Kemia na Biolojia ndani ya zile nne. Kwa hali yako: chumba cha upasuaji kina kiyoyozi na baridi inaweza kukuletea maumivu, kwa hiyo vaa fulana nzito ndani. Zamu ya usiku usikae bila chupa ya maji. Na mwambie mkuu wa wodi mapema, asikuone umejikunja akadhani unakwepa kazi.

Mtu wa Pwani: TB ya mgongo haiambukizi wagonjwa? Na anayetumia ARV anaruhusiwa?

Mwandishi: Maswali mazuri. Inayosambaa kwa hewa ni ya mapafu au koo. Ya mfupa peke yake huikohoi, ila dawa zake ni ndefu, mimi nilipewa za mwaka mzima wakati ya mapafu ya kawaida ni miezi sita. ARV: Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima na inakataza ubaguzi. Anasoma, anafanya kazi, anameza dawa zake.

Nesi Mstaafu: Wenye migongo mibovu, mgonjwa hanyanyuliwi kwa kwapa. Mtandikie shuka iliyokunjwa chini ya kiuno, ishikeni watu wawili, pindeni magoti, mvuteni kwa pamoja.

Mwandishi: Asante mama, chuoni nilichelewa kuambiwa hili.

Mtu wa Pwani: Kemia ulianzia wapi kurisiti?

Mwandishi: Moli. Ndicho kipimo cha kuhesabia kiasi cha kemikali, na bila moli, titresheni (kupima ukali wa kimiminika kimoja kwa kingine) ni kubahatisha, na kwenye practical titresheni usiikwepe. Ukisoma bureti, lile bomba la kioo lenye vipimo, inama, jicho liwe usawa wa kimiminika, soma chini ya mbonyeo (meniscus).

Kijana wa Igunga: Kituo chenye maabara nakipataje?

Mwandishi: Hilo ndilo swali. Nenda shule ya sekondari iliyo na kituo, omba uione maabara kabla hujalipa. Ukikuta bureti zimejaa vumbi, ondoka.