Kuzigawa seli NK za damu: usiishie kwenye namba moja

Kwenye damu ya mtu mzima, seli NK (natural killer, seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa au za saratani) huwa kama 5 hadi 15 katika kila limfosaiti 100, limfosaiti zikiwa aina ya seli nyeupe za damu. Wengi wetu maabara tunaiandika namba hiyo, faili linafungwa. Lakini humo ndani mna seli za tabia mbalimbali, na kuzigawa si kazi ngumu.

Anza na damu. Mililita 10 zinatosha, kwenye tyubu ya kifuniko cha kijani, yenye heparini inayozuia damu isigande. Isiingie friji. Ikae kwenye joto la chumba, na kwa Dar namaanisha chumba chenye kiyoyozi, si kiti cha nyuma cha bajaji. Niliwahi kupokea damu iliyokwama kwenye foleni ya Mbagala mchana kutwa: seli mfu zilijaa, na seli mfu hunasa kila kingamwili unayoweka.

Zimua damu, imimine polepole juu ya Ficoll (kimiminika kizito cha kutenganisha seli) ya 1.077 g/mL, kisha zungusha kwenye sentrifuji bila breki. Seli unazozitaka zitaelea katikati kama utando wa maziwa. Zivute kwa pipeti, uzioshe mara mbili.

Weka kingamwili zenye rangi, zinazonata kwenye alama za juu ya seli: CD3 (ya seli T), CD14 (ya monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe), CD19 (ya seli B), na CD56 na CD16 za kutazama NK, pamoja na rangi ya seli mfu. Nusu saa gizani.

Sasa pitisha seli kwenye saitomita, mashine inayosoma rangi za kila seli, uchore geti, yaani mipaka ya kuchagua seli, na hapa usiwe na haraka. Ondoa seli mfu, zilizogandana, na zenye CD3, CD14 au CD19. Zilizobaki zitazame kwa CD56 na CD16. Kundi kubwa, kama asilimia 90 ya NK, lina CD56 hafifu na CD16 nyingi: hao ndio wauaji hasa. Kundi dogo lina CD56 inayong'aa, na sifa yake ni kumwaga interferoni-gama, protini ya kuamsha kinga.

Halafu kuna kona inayosahaulika: CD16 ipo, CD56 haipo. Kwa mwenye VVU ambaye virusi havijadhibitiwa, kundi hili huongezeka. Ukichora geti kwa CD56 peke yake, umelitupa. Ongeza CD7 ili monosaiti zisijipenyeze humo.

Rangi zikibaki, tia NKG2C na CD57. Saitomegalovirusi, ambayo huku wengi tunaipata utotoni, huzidisha seli zenye alama hizo mbili. Na bado hapo tumechungulia tu: utafiti wa Marekani wa 2013 ulikadiria aina 6,000 hadi 30,000 za NK ndani ya mtu mmoja.

Kwenye fomu andika asilimia ya kila kundi, na saa damu ilipotolewa.